Mbuzi Aliyeliwa Kabla ya Kusemewa

Walipovuka mto mkavu na kuanza kupanda ng'ambo ya pili, Wayua aliteremsha kioo cha pikapu akachungulia nje kama mtu anayetafuta namba ya nyumba katika mtaa asioujua. Upande mmoja kulikuwa na matuta ya mashamba yaliyopandana mpaka kileleni. Upande wa pili mbaazi zilikuwa zimebaki zenyewe baada ya mahindi kuvunwa, na mbele, mgongoni mwa kilima, mabati ya Masii yalimeta kwa jua la asubuhi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Maisha yake yote nusu ya watu walikuwa wakimwambia kwamba kwao ni Masii, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuiona.

"Ndiyo hii?" alimuuliza mumewe.

"Ndiyo hii," alisema Titus, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Ni ndogo kuliko maneno yake."

"Ulitaka iwe Mombasa?"

Nyuma, ndani ya pikapu ya kuazima, mbuzi watatu walikuwa wakigombania nafasi: majike wawili wapole, na beberu mwekundu ambaye tangu Machakos mjini alikuwa akitafuna turubai la mwenye gari. Hao ndio waliokuwa safari yenyewe. Ukambani mbuzi wa namna hii huitwa ntheo. Mwanamume huwapeleka nyumbani kwa baba wa mke wake, wazee huwapokea kwa maneno, beberu huchinjwa papo hapo, pande zote mbili hula pamoja, na tangu saa hiyo mke ni mke. Bila hao, hata mkiishi pamoja mpaka nywele ziwe nyeupe, hata padri awafungishe na mpiga picha awapange kwenye ngazi za kanisa, mwanamke bado ni wa kwao, amekuja kutembea tu. Tena kuna jambo la pili, na hilo ndilo lililomtoa Titus jasho mwaka huo wa 2001: mwanamume ambaye hajapeleka ntheo ya mkewe hawezi kupokea ntheo ya binti yake.

Binti alikuwa Mwikali. Alikuwa amepata kijana wa Kangundo, fundi wa umeme, mtulivu, anayekula chochote anachopewa. Wazee wa kijana walishatuma ujumbe kwamba watakuja na mbuzi wao kabla mvua hazijaanza. Kwa hiyo ilibidi mama aolewe kwanza ndipo mtoto aolewe, na Mwikali hakumwonea mama yake huruma.

"Mama, hebu harakisha," alikuwa akimwambia mbele ya majirani. "Mimi siwezi kukungoja mpaka uzeeke."

Titus hakuwa mchoyo. Tangu amchukue Wayua alikuwa amenunua mbuzi wa ntheo zaidi ya mara moja, na kila mara waliishia kuzaana nyuma ya nyumba au kuuzwa wakati wa karo. Kilichomshinda ni swali la barabara: ukitoka Athi River na mbuzi wako, unaelekea Masii au unaelekea Matuu? Maana baba yake Wayua alikuwa Ndunda, na Ndunda alikuwa na miji miwili.

Zipo nchi ambako miji hugombania mifupa ya mtakatifu, na visiwa ambako kila bandari itakuonyesha kitanda alichozaliwa baharia yule yule. Masii na Matuu zinagombania bondia. Ndunda alikuwa bingwa wa ngumi siku ambazo Wakamba wengi walikuwa hawajauona ulingo wala hawaamini kwamba mtu aweza kupigana bila kugombana. Alianzia jeshini, akaendelea Nairobi, na mwaka mmoja katika ile miaka ya hamsini akarudi na kombe la Afrika Mashariki amelifunga ndani ya blanketi la jeshi.

Ukimuuliza mtu wa Masii, atakuambia siri ya Ndunda ilikuwa miguu. Kila msimu wa ngoma alikuja Masii kucheza mbeni, zile za kuruka na kupinduka hewani, ndiyo maana wapinzani wake walichoka kwa kupiga upepo. Ukimuuliza mtu wa Matuu, atacheka kwanza. Miguu ni ya kukimbilia, atakuambia. Siri ya Ndunda ilikuwa mkono wa kushoto, na mkono huo aliupata Matuu, ndani ya visima, akipasua mawe kwa nyundo. Kila mji ulikuwa na mashindano yake ya vijana yenye jina lake, na kila mji uliyapanga siku ile ile makusudi.

Ndunda mwenyewe hakusaidia. Akiwa Masii alikuwa mtu wa Masii, akiwa Matuu alikuwa mtu wa Matuu. Wayua alipokuwa mdogo alimuuliza siku moja wakinywa uji, "Baba, sisi kwetu ni wapi?" Ndunda alifikiri sana, kama mtu aliyeulizwa hesabu.

"Kona ya buluu," akasema, na Nzisa, mama yake Wayua, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Kwa hiyo Wayua alikua bila kujali. Alizaliwa Athi River katika nyumba za kiwanda cha nyama, ambako baba yake, alipoacha ngumi, alifanya kazi ya kulinda lango. Alikuwa mlinzi asiyewahi kumgusa mtu. Walevi wa Jumamosi walikuja wakipiga kelele, wakamwona amesimama, wakakumbuka wameacha kitu nyumbani. Majirani walikuwa Wajaluo, Wakikuyu, Waluhya na Wasomali wa ng'ombe, na Wayua akaokota lugha zao zote kwenye bomba la maji. Hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi. Waliuliza tu kama maji yamekuja.

Baba yake hakuwa na mtoto wa kiume, akamfundisha yeye. Mtu wa mkono wa kushoto hutanguliza mguu wa kulia na mkono wa kulia, na ule mwingine huuficha kidevuni kama siri. Alipokufa Ndunda, Wayua alikuwa msichana wa shule, na kusimama huko ndiko alikobaki nako. Miaka mingi baadaye alipoingia kiwanda cha EPZ kukagua suruali za jinzi zinazopelekwa Amerika, akipitisha kidole gumba kwenye mshono kutoka kiunoni mpaka kifundoni, wasichana wa laini yake walikuwa wakimwomba wakati wa chakula awaonyeshe.

"Madam Ngumi, niaje? Hebu simama kama mzee."

Naye alikuwa akiweka sahani chini, anatanguliza mguu, na kiwanda kizima kinapiga meza. Msimamizi mmoja mwenye domo aliwahi kumfokea mbele ya watu juu ya katoni zilizochelewa. Wayua alibadilisha miguu tu, wa kulia ukaja mbele. Msimamizi alimaliza sentensi yake kwa upole, akaongeza tafadhali.

Furaha yake ilikuwa ya namna hiyo, ya kila siku na isiyo na gharama. Ni Mwikali tu na kijana wake wa umeme waliomfanya, uzeeni mwa ujana wake, ahitaji kwao.

Mambo yenyewe yalianza na Kalekye, mwanamke wa Masii mwenye ng'ombe wengi na ulimi mkali, ambaye hakujaliwa mtoto. Kwa Wakamba mwanamke kama huyo ana ruhusa ya kuoa. Kalekye alipeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana aliyeitwa Mbula, akamleta nyumbani awe mke wake, iweto, amzalie watoto wa nyumba yake. Mwanamume wa kumpa mimba hahesabiki. Watoto ni wa nyumba iliyotoa mbuzi. Mwanamume huyo alikuwa Mutunga wa Matuu, mchimba visima aliyepita Masii na nyundo yake. Ndunda akazaliwa, na kwa desturi yote alikuwa mtoto wa Kalekye. Lakini Mbula na Mutunga walipendana, jambo ambalo halikuwemo katika mpango wa mtu yeyote. Mwaka wa njaa Mbula alimbeba mtoto mgongoni akamfuata Mutunga Matuu, na huko ndiko Ndunda alikokulia.

Ili kumaliza maneno, Mutunga alitakiwa kurudisha mbuzi kwa Kalekye. Mbuzi akirudi, ndoa imekufa, na mtoto anamfuata mama yake. Mutunga hakurudisha, kisha labda akarudisha, na hapa ndipo penye fundo.

Siku Ndunda alipolileta kombe, alilipitisha kwanza Masii. Siku hiyo hiyo mdogo wa Mutunga alifika kwa Kalekye kutoka Matuu akivuta mbuzi. Sasa, mbuzi hajisemei. Anayemleta husimama, hukohoa, hutaja jambo lake, na hapo ndipo mbuzi anakuwa wa jambo hilo. Mjumbe alikuwa ndiyo kwanza amekohoa wakati vigelegele vilipoanza barabarani. Ndunda anakuja, Ndunda ana kombe. Kila mtu alitoka mbio, na mjumbe akatoka mbio. Mtu fulani, hadi leo hajulikani, aliona mbuzi mnono amefungwa penye uwanja uliojaa wageni, akafanya kile ambacho mwenyeji yeyote mwema angefanya. Walipokumbuka kuuliza mbuzi ni wa nini, walikuwa wakilamba vidole.

Matuu wanasema alikuwa mbuzi wa kurudishwa, na kwa kuwa Masii walimla, walikubali. Masii wanasema alikuwa mbuzi wa pongezi, na alikuwa mtamu, asanteni.

Titus alichagua Masii kwa sababu desturi ilikuwa wazi kwamba mtoto ni wa nyumba iliyotoa mbuzi, na kwa sababu barabara ya Masii ilikuwa na lami zaidi. Pikapu ikaliacha soko, ikapita kanisa, ikaingia kwa Mwangangi. Huyu alikuwa mwana wa iweto wa pili wa Kalekye, kwa hiyo ndugu wa Ndunda na baba mdogo wa Wayua. Alikuwa na duka la misumari na saruji, koti la suti, na kofia aliyoivua tu mbele ya Mungu. Viti vilikuwa vimepangwa chini ya turubai: wazee huku, wageni huku, akina mama karibu na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe.

Mke wake, Ndila, alimshika Wayua mikono yote miwili, akamgeuza kama nguo ya mtumba kuona kama ina doa.

"Hii pua ni ya nyumba hii," alitangaza. "Karibu, mwanangu. Muthokoi imekungoja tangu uzaliwe."

"Basi imepoa, mama."

"Imepoa, lakini tumeipasha."

Wayua alicheka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mabega yake yalishuka. Mbuzi waliteremshwa. Beberu alilazimika kunyang'anywa kipande cha turubai. Mwangangi alikuwa amesimama, amekohoa, na amefungua mdomo, wakati lori la mahindi lilipoingia kwa honi ndefu, limejaa watu wanaoimba, na mbele kabisa, ameshika kamba ya mbuzi, akateremka mzee mwembamba mwenye sweta la kijani.

"Hamkuningoja?" alisema. "Na mimi ni baba wa bibi harusi?"

Huyo alikuwa Mumo, mwana wa Mutunga, ndugu wa Ndunda wa damu. Kwa hiyo naye ni baba mdogo wa Wayua.

Mwangangi hakumtazama Mumo. Alimtazama Titus. "Mkwe, huyu ameambiwa na nani?"

Titus alisafisha koo. "Mimi, mzee."

"Wewe."

"Nilipitia kwake wiki jana. Nikaona si vizuri asikie kwa watu. Nikamwambia tu aje kama mgeni. Ale nyama."

Wazee wa Masii waliguna pamoja, kama watu waliokalia kigogo kinachoyumba. Mtoto mdogo wa Kikamba anajua kwamba anayeitwa kwenye ntheo ameitwa kupokea. Hakuna kuja kula tu. Titus alikuwa fundi wa breki za malori, amezoea mambo ambayo ukiyakaza yanakaza. Kwa adabu yake nzuri alikuwa amewapa watu wawili mke mmoja kumwoza.

"Mzee Mumo," alisema Mwangangi, sasa akimgeukia, "habari ya Matuu?"

"Matuu ni njema. Maembe yametoa maua. Tumekuja kuchukua ntheo yetu."

"Yenu ya nini?"

"Ya mtoto wa ndugu yangu. Mbuzi wa Mbula alirudishwa. Mbuzi mlimla hapa hapa. Mifupa ukichimba utaipata."

"Yule alikuwa wa pongezi."

"Pongezi gani? Baba yangu hakumpongeza mtu bure. Mimi hakuwahi kunipongeza hata siku moja, na nilikuwa mtoto wake."

Wanawake wa Matuu walicheka juu ya lori, na wa Masii wakacheka karibu na sufuria kabla ya kukumbuka wako upande gani. Kisha maneno yakahamia kule yanakohamia siku zote. Mtu akasema miguu. Mtu akasema mkono. Mwangangi akasema kama si mbeni ya Masii, Ndunda angeangushwa raundi ya kwanza kama gunia. Mumo akasema kucheza ngoma hakujawahi kumwangusha mtu, na kama kungekuwa kunawaangusha watu, basi harusi zote zingeishia hospitali.

"Nikuonyeshe?" alisema Mwangangi.

"Nionyeshe."

Mwangangi alivua kofia. Watu wake walitazamana, maana kofia ile hawakuzoea kuiona mkononi. Akaanza kuzunguka uwanjani kwa vidole vya miguu, mzee wa zaidi ya miaka sitini ndani ya suti, akiruka kidogo kushoto, kidogo kulia, na lazima isemwe ukweli kwamba alikuwa mwepesi. Mumo alimpa mtu kamba ya mbuzi wake, akasimama mahali pamoja kama nguzo ya simu, mkono wa kulia mbele, wa kushoto kidevuni. Mwangangi alizunguka mara moja, mara ya pili, akapumua. Mumo hakusogea. Alingoja. Kila Mwangangi alipokaribia, ule mkono wa kushoto ulitoka ukasimama mbele ya pua yake bila kugusa, kisha ukarudi.

"Piga basi," alisema Mwangangi, akihema.

"Niguse mzee mwenzangu? Kesho nitaeleza nini kanisani?"

"Basi hujashinda."

"Na wewe hujanifikia."

Wayua alikuwa ametazama mambo haya yote akiwa amesimama kando ya Ndila. Alimwona Mumo akisimama vile, na kwa muda kidogo hakusikia vicheko. Ni kule kusimama kwake mwenyewe, kule kwa wakati wa chakula kiwandani. Ndipo Mwangangi alipomzunguka Mumo tena, na Wayua akaona kisigino kikigusa chini kidogo na kuondoka, na hicho pia alikuwa anakijua, ndivyo baba yake alivyokuwa akivuka chumba kwenda kuzima taa. Aliingia katikati yao, akainua mikono.

"Raundi imeisha," alisema. "Kaeni kona zenu."

Wakacheka, wakafikiri ni utani, lakini hakutoka pale katikati.

"Baba zangu," akasema, "mimi niko na maneno machache, sijui kuongea kama wazee. Sikuja kuwagawia Ndunda. Ndunda aliwagawanya mwenyewe, na alifurahia sana kuwagawanya. Mimi nimekuja kuolewa. Niko na mtoto nyumbani ambaye wakwe zake wanakuja na mbuzi, na wakifika watamkuta baba yake ni kijana wa kuchumbia. Mnataka waambiwe nini? Kwamba bibi harusi anamngoja mama yake?"

Beberu alipiga chafya.

"Mbuzi wangu hawawezi kupokewa mahali pawili," aliendelea. "Hilo mnalijua kunishinda. Basi mmoja wenu lazima aketi. Lakini kabla ya kuketi, nitasema nilichosikia kwa masikio yangu. Baba alikuwa akinifundisha ngumi nyuma ya nyumba, na nilipokosea mkono alikuwa akisema, 'Hapana, lete kama Mutunga.' Sikujua Mutunga ni nani. Nilifikiri ni jina la ngumi."

Mumo aliinamisha kichwa.

"Baba mdogo Mwangangi," Wayua akasema, "wewe ndiwe mwenye nyumba. Sema mkono ulitoka wapi. Sema watu wote wasikie."

Hili lilikuwa jambo zito. Mwangangi alitazama kofia yake, akatazama wazee wake, ambao ghafla walipendezwa sana na viatu vyao. Kwa miaka mingi Masii haikuwa imelisema hilo hata kwa mzaha. Ndila, kutoka penye sufuria, alisema polepole kwamba nyama haitajichinja.

"Mkono," alisema Mwangangi, "ni wa Matuu." Wanawake wa lorini walianza kupiga vigelegele, akawazuia kwa kofia. "Nimesema mkono. Sijasema kitu kingine. Mguu naomba tusiuguse."

Mumo alikwenda akachukua kamba ya mbuzi aliyekuja naye, akamvuta mpaka mbele ya viti vya wazee, akasimama wima, na akakohoa. Uwanja mzima ulijua anafanya nini. Hata dereva wa lori alizima injini.

"Mimi nilikuwa mtoto," akasema, "lakini nilikuwepo siku baba yangu anamfunga mbuzi wa Kalekye kamba. Nilimsikia akimtuma mdogo wake. Miaka hii yote nimewaambia yule alikuwa wa kurudishwa. Huyu hapa anakaa mahali pa yule. Leo namsemea, ili asiliwe bila maneno tena."

Wayua alihisi Titus amemshika kiwiko. Neno moja, kurudishwa, na wangepakia mbuzi wao tena na kuanza safari ya Matuu, na kesi, na mvua zingeingia, na watu wa Kangundo wangechoka.

"Ni mbuzi wa pongezi," alisema Mumo. "Mutunga alimpongeza mwanawe kwa kombe. Mbuzi wa Mbula hakurudishwa. Nimemaliza."

Alipogeuka, macho yake yalikutana na ya Wayua. Kama alikuwa amesema kweli, au alikuwa ametoa zawadi kubwa kuliko mbuzi, uso wake haukuonyesha, na Wayua hakuuliza. Aliinama akamsalimu kwa mikono miwili, kama binti anavyomsalimu baba.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda mbio kama maji yaliyozibuliwa. Mwangangi alikohoa, akapokea ntheo kwa jina la nyumba ya Kalekye, akataja wafu wote bila kukosea, akamtaja Mbula mara mbili. Beberu alichinjwa, na fundi wa kuchinja alitoa tumboni mwa mbuzi huyo kipande cha turubai kikubwa cha kushonea kiraka. Na kwa kuwa mbuzi wa Mumo alikuwa amesemewa vizuri, naye alichinjwa, na safari hii kila aliyekula alijua anakula nini. Wanawake wa Matuu waliteremka lorini wakaanza kuimba, wa Masii wakaingia na wimbo wao juu ya ule, zikaenda hivyo hivyo mbili pamoja mpaka mtu wa nje angedhani ni wimbo mmoja.

Titus alipewa mguu wa mbele, akaula kwa makini ya mtu aliyeusubiri miaka ishirini na zaidi. "Mama Mwikali," alimnong'oneza mkewe, "sasa huwezi kunitisha kwamba utarudi kwenu."

"Kwani sasa ndiyo nimepajua. Kuna lami mpaka sokoni."

Mumo aliomba jambo moja tu: siku watu wa Kangundo watakapokuja, apewe kiti cha babu. Wayua alimwambia kiti kiko, na kama Mwangangi atakitaka pia, ataongeza kingine, lakini ulingo hautakuwepo. Kuhusu mashindano ya vijana, wazee walikubaliana kuyapanga siku mbili tofauti, kisha wakagombana ni nani atatangulia, na jambo hilo likaachwa lilale.

Jua lilipoanza kulegea Titus aliwasha gari. Wayua alizunguka akiaga, na kuaga kukawa kurefu, maana kila aliyeagwa alimkumbuka mtu mwingine ambaye lazima aagwe. Ndila alimpa kibuyu cha maziwa na mfuko wa mbaazi. Mwangangi alimpa misumari, kwa sababu hakuwa na kitu kingine karibu. Akapanda, akafunga mlango wa pikapu mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza haukushika, na wakateremka kuelekea barabara kuu, nyuma ikiwa tupu na nyepesi, ikirukaruka juu ya mawe.

Waliobaki walisimama langoni mpaka vumbi likatua. Kisha wakarudi kukusanya viti. Ni hapo tu Mumo alipogundua kwamba lori la Matuu lilikuwa limeondoka zamani na waimbaji wake wote, kila mmoja akidhani mzee Mumo amepanda mbele na dereva. Alisimama uwanjani na sweta lake la kijani, akitazama barabara.

"Hakuna gari lingine leo," alisema Mwangangi.

"Naona."

"Hakuna mtu wa kwenu aliyewahi kulala hapa tangu Mbula aondoke."

"Naona hilo pia."

Mwangangi alikuwa akikunja turubai. Mumo alimtazama akihangaika nalo kidogo, kisha akaenda akashika ncha ya pili, wakalinyoosha, wakakutana katikati, wakalikunja tena.

"Nyama imeisha," alisema Ndila kutoka jikoni. "Kuna muthokoi. Mzee Mumo, utakula?"

"Nitakula," alisema Mumo, na akaenda kunawa mikono.